Shajara ya Mradi: Fimbo za Gofu za Mtumba kwa Watu Wanne Wanaoanza

Februari, kuanza kwa mradi

Chama chetu cha watu wanne wa mtaa wa South B, Nairobi, kimeamua kujifunza gofu, na kazi ya kutafuta vifaa nimekabidhiwa mimi kwa kuwa ndimi katibu na mweka hazina. Fedha zilizochangwa ni shilingi 70,000. Tumekubaliana kutenga shilingi 10,000 tangu mwanzo, zisiguswe kwa ununuzi wowote, ziwe za kulipia mipira ya mazoezi na masomo machache kwa mwalimu wa gofu. Shilingi 60,000 zinazobaki ndizo zitakazonunua fimbo, mikoba na vifaa vya ukarabati. Nimelisisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaoanza ambao humaliza fedha zote katika vifaa, kisha wakakosa za kulipia hata ndoo moja ya mipira, na fimbo zikakaa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala mpaka zikauzwa tena.

Uamuzi wa kwanza ulihusu idadi. Kanuni ya 4.1b ya gofu inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 1938 na kufuatwa na R&A ya Scotland, chombo kinachosimamia kanuni za gofu, mwaka 1939. Watu wengi huisoma kanuni hiyo kana kwamba ni agizo la kununua fimbo 14, ilhali hakuna idadi ya chini iliyowekwa. Mtu anayeanza bado hawezi kupiga fimbo ya chuma namba 7 kwa namna moja mara mbili mfululizo, kwa hiyo tofauti kati ya namba 6 na namba 7, ambayo kwa mchezaji mzoefu ni kama mita 10, kwake hupotea kabisa ndani ya makosa ya upigaji. Nusu seti inamtosha: fimbo moja ya kupiga mbali, tatu au nne za chuma, na moja ya kumalizia mpira shimoni.

Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, aliuliza iwapo mtu anaweza kujifunza vyema kwa vifaa vichache hivyo. Nilimjibu kwa habari ya Seve Ballesteros, Mhispania aliyejifunza akiwa mtoto kwa chuma namba 3 kimoja alichopewa na kaka yake, akipiga vijiwe na mipira kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña, na ambaye mwaka 1978 alikuja hapa kwetu akashinda Kenya Open. Mwalimu alilikumbuka shindano lenyewe, na mjadala wa idadi ukaishia hapo.

Februari, vipimo

Kabla ya kwenda kutazama fimbo yoyote nimewapima wanachama wote, kwa sababu mnunuzi asiyejua vipimo vyake huuziwa kilichopo. Kipimo kinachofaa zaidi si urefu wa mtu peke yake. Mtu husimama wima akiwa na viatu bapa, mikono ikining'inia bila kukazwa, kisha hupimwa kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Anayekaribia inchi 35 kwa kawaida hutumia fimbo za wanaume za urefu wa kawaida, ambapo chuma namba 7 chenye shafti, yaani mpini, ya chuma huwa na takribani inchi 37.

Matokeo yalinifurahisha. Mwalimu ni mrefu kunizidi kwa kichwa kizima, na kila mmoja wetu alidhani angehitaji fimbo ndefu zaidi, lakini mikono yake pia ni mirefu, hivyo vipimo vyetu viwili vilitofautiana kwa nusu inchi tu. Maana yake ni kwamba sisi wawili tunaweza kugawana seti moja, jambo ambalo limebadilisha hesabu yote ya mradi.

Mwanachama wa tatu, muuguzi, ni mfupi na ana viganja vidogo. Ndugu zetu wawili walipendekeza tununue fimbo za wanaume kisha fundi azikate, kwa kuwa zinapatikana kwa wingi. Nimepinga. Kukata nusu inchi ya shafti hufanya kichwa kihisike chepesi mkononi, na hakupunguzi ugumu wa shafti. Kwa kweli huuongeza kidogo. Atabaki na kijiti kigumu chenye kichwa asichokihisi, wakati anachohitaji ni shafti nyepesi inayopinda kwa kasi yake. Shafti za grafaiti kwa kawaida zina uzito wa kati ya gramu 50 na 80, huku nyingi za chuma zikiwa kati ya gramu 95 na 130, na zile zilizotengenezewa wanawake huandikwa herufi L karibu na mshiko. Nimeandika katika orodha: muuguzi, fimbo za wanawake, shafti za grafaiti, L. Sisi wengine, R, yaani ugumu wa kawaida.

Mwanachama wa nne, kijana fundi wa umeme, anatumia mkono wa kushoto. Yake nitaieleza baadaye.

Machi, wapi pa kutafuta

Nairobi ina njia nne kuu za kupata fimbo za mtumba. Kuna maduka ya vifaa vya gofu ambayo huchukua fimbo za zamani kutoka kwa wateja wanaonunua mpya. Bei yao iko juu, ila muuzaji unamjua na mlango wake unaujua. Kuna matangazo ya mitandaoni, ambako bei ni nzuri na hatari ni kubwa. Kuna masoko ya mitumba, ambako fimbo hufika moja moja bila wenzake, na mara nyingi muuzaji hajui alichonacho, kwa hiyo mnunuzi mwenye orodha na subira anaweza kuokota kitu cha maana. Kisha wapo makedi, yaani wabebaji wa mikoba ya wachezaji, na wanachama wa klabu wanaobadilisha vifaa, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa mtu anayeanza, kwa sababu kedi amewaona wachezaji wa kila aina na anaijua historia ya fimbo anayoiuza: nani aliitumia, kwa muda gani, na kwa nini aliiacha.

Tulikutana na kedi wa siku nyingi nje ya uwanja mmoja wa jiji. Kabla hajatuonyesha chochote alimgeukia mwalimu.

"Mzee, viwiko na mgongo viko sawa?"

"Viko sawa, ndugu yangu. Msimu uliopita nimelima mwenyewe."

"Basi shafti za chuma utaziweza. Ungeniambia kiwiko kinauma, nisingekuuzia."

Muuzaji anayeuliza habari za mwili kabla ya kutaja bei anastahili kusikilizwa. Yeye ndiye aliyetufahamisha pia kwamba viwanja vingi havitaki watu wawili watumie mkoba mmoja, hata kama ni wa nyumba moja, kwa sababu kupokezana fimbo huchelewesha mchezo. Kwa hiyo mikoba minne imeingia katika bajeti, ingawa nilikuwa nimefikiria miwili.

Machi, ukaguzi wa fimbo za chuma

Kedi alikuwa na seti ya chuma kuanzia namba 3 hadi 9 pamoja na weji ya kupandisha mpira, jumla fimbo nane, ndani ya mkoba mwekundu uliopauka. Nimeamua kuandika ukaguzi wake kwa urefu kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea au huokolewa.

Nilianza na umbo la kichwa. Nilitaka vichwa vilivyochimbwa mgongoni, uzito ukiwa umesambazwa pembeni. Mtindo huu ulienezwa na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, ambaye mwaka 1959 alitengeneza fimbo ya kumalizia yenye uzito kwenye ncha ya kichwa na kisigino chake, yaani upande wa karibu na shafti, kisha akalipeleka wazo hilo katika fimbo za chuma chini ya jina la PING. Faida yake ni kwamba mpira ukigongwa nje ya katikati, kichwa hakizunguki sana mkononi, na mpira haupotezi mwelekeo wote. Fimbo nyembamba bapa, ambazo wachezaji hodari huzipenda na ambazo mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini sana katika mitumba, hazifai kabisa kwa anayeanza. Urahisi wa bei yake umewadanganya wengi.

Nikaenda kwenye uso. Mifereji midogo ya uso isiwe imelika mpaka kucha ipite bila kukwama. Katika seti ya mtumba, namba 3 na 4 mara nyingi huonekana mpya kwa kuwa hazipigwi, hivyo muuzaji mjanja hukupa hizo kwanza. Mimi hushika namba 7, 9 na weji, zilizofanya kazi kweli. Namba 9 hii ilikuwa na alama ya kulika katikati ya uso, ya ukubwa wa sarafu ya shilingi moja, na hilo lilinipendeza, kwa sababu lilionyesha kwamba mwenyewe alikuwa akipiga mpira katikati na si kugonga mawe. Mikwaruzo kwenye kitako, yaani sehemu ya chini ya kichwa, haina neno. Sheria ya kupunguza ukali wa mifereji iliyoanza mwaka 2010 kwa mashindano ya juu haimhusu mtu anayecheza Jumamosi na wenzake, kwa hiyo fimbo za miaka ya nyuma zisikataliwe kwa hoja hiyo.

Shafti nilizitazama nikiwa nimeziinamisha kwenye mwanga. Kutu ya juu juu hufutika kwa sufi ya chuma. Kutu iliyochimba vitundu karibu na kichwa ni dalili ya kuvunjika, na fimbo inayovunjika katikati ya pigo huweza kumjeruhi mtu. Kisha nililaza kila shafti ukingoni mwa meza ya kibanda cha chai, kichwa kikining'inia nje, nikaizungusha kwa vidole. Iliyonyooka huzunguka bila kuruka, iliyopinda hudunda. Namba 4 ilidunda kidogo sana. Zote nyingine zilikuwa sawa. Mwisho nilishika kila kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, nikajaribu kuvisokota kwa nguvu, na hakuna kilicholegea.

Jambo moja zaidi lilihitaji kuangaliwa, nalo ni pembe za nyuso. Namba iliyoandikwa kwenye fimbo haina kipimo kimoja kwa viwanda vyote. Namba 7 ya miaka ya 1980 ilikuwa na uso uliolala kwa takribani digrii 35 au 36, ilhali nyingi za siku hizi zina digrii 30 na hata chini ya hapo, ili mnunuzi aone mpira ukienda mbali zaidi. Ukichanganya weji ya zamani na namba 9 ya kisasa unaweza kupata pengo kubwa kati yao. Ndiyo sababu nimependelea seti moja iliyotengenezwa pamoja, hata kama ni ya zamani.

Tulielewana kwa shilingi 18,000 pamoja na mkoba. Nilimwomba atoe namba 3 na 4 apunguze bei, akakataa, kwa maelezo kwamba hatapata wa kumuuzia hizo mbili pekee. Alikuwa na haki. Nimelipa kwa M-Pesa nikahifadhi ujumbe wa malipo katika kumbukumbu za chama.

Machi, draiva tuliyoiacha

Katika kupekua matangazo tulipata draiva, fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, yenye jina kubwa kwa bei iliyokuwa chini kupita kiasi. Tulikubali kwenda kuiona mahali penye watu, mchana. Nilikuwa na sumaku ndogo mfukoni. Vichwa vya draiva nyingi za kisasa hutengenezwa kwa titani, na titani haivutwi na sumaku. Sumaku yangu ilinata kwenye kichwa kile ambacho maandishi yake yalidai kwamba ni cha titani. Rangi ya herufi ilikuwa imevuka ukingo wa mchoro, namba ya utambulisho haikuwepo shingoni, na nilipokitikisa kichwa karibu na sikio kulikuwa na kitu kinachogongana ndani. Kitu hicho cha mwisho peke yake si ushahidi, kwani hata draiva halali huweza kuachia kipande cha gundi kikavu tumboni, lakini dalili zote nne kwa pamoja zilitosha. Tulishukuru, tukaondoka.

Kwa kweli nimewashawishi wenzangu tusinunue draiva yoyote mwaka huu. Ndiyo fimbo ndefu kuliko zote mkobani isipokuwa fimbo maalumu chache za kumalizia, takribani inchi 45, uso wake umesimama karibu wima, na mtu asiyejua kunyoosha mpira huufukuza kulia au kushoto kwenye miti. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku huuacha mpira uende mbali kuliko ungeenda Mombasa kwa pigo lile lile. Umbali tunao wa kutosha. Tunachokosa ni mwelekeo.

Aprili, majani ya kwetu

Mvua za masika zimeanza na tumetumia wiki hizi kutafuta fimbo za kupiga mbali. Hapa ushauri unaotolewa na watu wa nchi nyingine ni lazima upimwe kwa ardhi yetu. Viwanja vya Nairobi vina majani ya kikuyu kwa wingi, majani yaliyotoka katika nyanda hizi zetu za juu yakasambaa mpaka Afrika Kusini, Australia na California. Yakikua kidogo hujifunga kama mkeka, na yakilowa hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso kabla haujafika kwenye mpira. Chuma namba 3 au 4 chenye kichwa chembamba hunaswa humo. Haibridi, fimbo iliyo kati ya chuma na mbao, yenye kitako kipana na uzito uliowekwa chini, hupita, na fimbo ya mbao namba 5, ambayo siku hizi ni ya chuma ingawa jina la zamani limebaki, huunyanyua mpira kwa urahisi hata ukiwa umezama kiasi.

Kwa hiyo namba 3 na 4 za ile seti zinabaki nyumbani, na nimenunua haibridi moja kwa ajili yangu na mbao namba 5 kwa ajili ya mwalimu, kila moja shilingi 2,500. Mbao ya mwalimu ina mkwaruzo mrefu juu ya kichwa, uliotokana na kugongana na fimbo nyingine mkobani bila kifuniko. Rangi imetoka lakini hakuna bonde wala ufa, nami niliubonyeza kwa kidole gumba pande zote kuhakikisha. Bonde juu ya kichwa chenye uwazi ndani ni sababu ya kukataa hata kwa nusu bei. Shafti yake ni ya grafaiti, na nimeipitisha kitambaa cha pamba kutoka juu hadi chini: palipo na nyuzi zilizoinuka kitambaa hunasa. Hakikunasa.

Vipande vya chuma vilivyobaki tumegawana hivi: mimi nimechukua namba 5, 7 na 9, mwalimu namba 6, 8 na weji. Nimejinunulia weji ya mchanga ya digrii 56 kwa shilingi 2,000. Ni fimbo ambayo Gene Sarazen aliipa umaarufu alipoitumia kushinda shindano la wazi la Uingereza mwaka 1932, na kitako chake kinene kinachozuia kuchimba mchanga ndicho kinachoisaidia pia kuteleza juu ya majani yetu mazito. Fimbo mbili za kumalizia zimepatikana kwa shilingi 1,500 kila moja. Hizi ndizo fimbo ambazo mnunuzi wa mtumba hapaswi kuogopa umri wake hata kidogo, kwa kuwa hakuna kinacholika ndani yake; nilitazama tu kama shafti imenyooka, kama urefu unamruhusu mtu kuinama bila kukunja mgongo, na kama kichwa kinatulia bapa sakafuni.

Seti ya muuguzi imepatikana kwa mama mmoja wa Lang'ata anayehama nchi: fimbo saba pamoja na mkoba wake, zote za wanawake, shafti za grafaiti zenye herufi L, mishiko ikiwa bado laini. Bei ilikuwa shilingi 14,000. Muuguzi alizishika moja baada ya nyingine sebuleni, akakubali papo hapo.

Mei, mkono wa kushoto

Kijana wetu ameshauriwa na watu wengi ajifunze kwa mkono wa kulia, kwa hoja kwamba fimbo za kushoto ni adimu mno katika mitumba. Hoja ya uadimu ni ya kweli. Hata hivyo, upande wa kusimamia mpira si lazima uwe ule wa mkono wa kuandikia: Bob Charles wa New Zealand, aliyekuwa mtu wa kwanza wa upande wa kushoto kushinda moja ya mashindano makuu manne ya gofu, alipolishinda lile la wazi la Uingereza mwaka 1963, shughuli nyingine alizifanya kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo tulimpa kijana fimbo yangu ya kulia pamoja na ya kushoto tuliyoazima, apige mpaka aridhike. Kwa upande wa kulia alikuwa akisita juu ya bega kila mara. Kwa upande wa kushoto alizunguka kwa wepesi ule ule anaotumia kurusha jiwe. Tumekata shauri. Mtu hatalazimishwa kugeuza mwili wake kwa sababu ya shilingi elfu chache.

Tumemtafutia moja moja. Namba 7 na 9 za kiwanda kimoja, weji ya kiwanda kingine ambayo nimelinganisha pembe yake na namba 9 kwa kuzisimamisha bega kwa bega, na fimbo ya kumalizia yenye nyuso mbili inayoweza kutumika pande zote. Jumla shilingi 8,000. Fimbo nne ni chache, lakini zote zinamfaa. Mikoba miwili ya kubeba begani, yake na ya mwalimu, imegharimu shilingi 3,000.

Mei, mishiko

Mishiko ya ile seti ya chuma ilikuwa imekauka ikang'aa, na mvua ya mwezi huu ilithibitisha kwamba haifai, kwani mshiko mgumu uliolowa humlazimu mtu kukaza viganja, na viganja vikikaza mabega hukaza pia. Nimenunua minane kwa shilingi 700 kila mmoja, na utepe wa gundi ya pande mbili pamoja na tapentaini ya dukani kwa rangi kwa shilingi 600. Niliweka hata kwenye namba 3 na 4, ili zikiuzwa siku moja ziuzwe zikiwa kamili.

Kazi ilifanyika kwenye veranda ya mwalimu, milango ikiwa wazi, jiko likiwa limezimwa. Kisu hupasua mshiko wa zamani kwa kukata kuelekea nje, mbali na mwili. Kwenye shafti ya grafaiti hutumika wembe wenye ndoano ili nyuzi zisikatwe, ila hizi zote zilikuwa za chuma. Mabaki ya utepe mkavu ndiyo yaliyotuchelewesha, yalibidi kukwanguliwa kidogo kidogo mpaka chuma kionekane. Utepe mpya huwekwa kwa urefu na ncha yake hukunjwa ndani ya mdomo wa shafti. Kisha unaziba kwa kidole kitundu kilicho mwishoni mwa mshiko mpya, unamimina tapentaini ndani, unaitikisa, unaimwagia juu ya utepe, na unausukuma mshiko kwa mwendo mmoja usiosimama mpaka ugonge mwisho. Una muda mfupi wa kuunyoosha kabla haujashika. Mwalimu alikuwa na jicho zuri la kunyoosha, akilinganisha alama ya mshiko na ukingo wa chini wa uso. Tuliziacha zimesimama ukutani hadi kesho yake.

Juni, majaribio

Tumezipeleka fimbo zote kwenye uwanja wa mazoezi ulio ndani ya Ngong Racecourse. Nililotaka kulipima ni mlalo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi, kwa sababu fimbo ambayo ncha yake imeinuka mno huupeleka mpira kushoto kwa mchezaji wa kulia, na anayeanza atajilaumu kwa kosa la chuma. Nilichora mstari mnene wa wino kwenye mpira, nikauweka mstari wima ukitazama uso wa fimbo, kila mmoja akapiga namba yake ya kati. Wino huacha alama usoni. Alama ikisimama wima, mlalo ni sawa. Ikiinama upande, fimbo inahitaji kupindwa kwa mashine au kubadilishwa.

Alama yangu na ya muuguzi zilisimama wima. Ya mwalimu iliinama kidogo kuelekea ncha, ikionyesha kwamba ncha iko juu kiasi, na hiyo nusu inchi ya vipimo vya Februari ikapata maelezo yake. Mwalimu wa gofu aliyekuwa uwanjani aliiangalia akasema kwamba digrii moja haistahili kugharimiwa mpaka pigo lenyewe litulie, kwani mzee bado anabadilisha umbali wa kusimama kila pigo. Nimekubaliana naye na nimeliandika jambo hilo lipitiwe upya mwezi wa Desemba. Weji ya kijana ilituma mpira juu na karibu zaidi ya namba 9 kama ilivyotakiwa, kwa hiyo ule ulinganishaji wa bega kwa bega ulikuwa sahihi.

Juni, hesabu

Seti ya chuma na mkoba 18,000. Seti ya muuguzi 14,000. Fimbo za kijana 8,000. Mishiko na vifaa vyake 6,200. Haibridi na mbao namba 5, 5,000. Fimbo mbili za kumalizia 3,000. Mikoba miwili 3,000. Weji ya mchanga 2,000. Jumla shilingi 59,200 kati ya 60,000. Fedha za masomo zimeanza kutumika kwa utaratibu tuliopanga, na stakabadhi zote ziko katika faili la chama.

Linalobaki ni fimbo ya kupiga mbali ya mkono wa kushoto, mbao namba 5 au haibridi, shafti ya R. Wanachama wamekubali kuongeza shilingi 500 kila mmoja mwisho wa Julai, ambazo pamoja na 800 zilizosalia zitafika 2,800. Kedi ameahidi kunipigia simu ikitokea moja, nami nimemtumia vipimo vya kijana ili asihangaike na isiyomfaa.